Likizo ya Mmisionari: Namna ya Kuzunguka Makanisa na Ndugu kwa Gari Bila Kuichosha Familia

Likizo ya mmisionari haijawahi kuwa likizo kamili, na wanaolijua hilo kuliko wote ni watoto wake. Shule zinafungwa Juni, baba anakagua matairi, mama anafunga korosho kwenye mifuko ya nusu kilo, na kila mtu nyumbani anajua kwamba kati ya Tunduru na Moshi kuna makanisa yanayongoja habari na wazee wanaongoja kuona wajukuu. Gari ni moja, wiki ni tatu na siku chache, na kila anayepigiwa simu anajibu vilevile: "Msipite bila kulala kwetu."

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia ya namna hiyo: ya mchungaji, mwinjilisti, mwalimu au muuguzi aliyetumwa na kanisa la nyumbani kwenda kutumika mkoa mwingine. Tutafuata njia moja, kutoka Tunduru hadi Moshi kwa kupitia Songea, Njombe, Iringa na Morogoro, kisha kurudi kwa njia ya pwani. Anayetumika Kigoma au Mpanda atabadilisha majina ya miji, lakini mambo ya kupanga ni yaleyale. Uwe Mlutheri, Mwanglikana, Mmoravian au Mpentekoste, safari hizi huharibiwa zaidi na wingi wa vituo kuliko na ubovu wa barabara. Ukiweza kukataa vituo, nusu ya kazi umeimaliza kabla ya kuwasha gari.

Anza na orodha, kisha ikate

Miezi miwili kabla ya kuondoka, kaeni mezani mume na mke muandike orodha mbili. Ya kwanza ni ya makanisa: yale yanayochangia kazi yenu, yale yaliyowaombea, na yale yaliyowaalika tu. Ya pili ni ya watu: wazazi wa pande zote mbili, wagonjwa, waliofiwa mkiwa mbali, waliopata watoto, na wale walioanza kulalamika kwamba mmewasahau.

Sasa kateni. Wiki tatu zina Jumapili tatu, kwa hiyo makanisa makubwa ni matatu. Ongezeni moja la katikati ya wiki, la ibada ya jioni au ya jumuiya, na mfunge orodha hapo. Mengine yaandikieni barua au yapigieni simu, muahidi mwaka ujao kwa jina la mwezi. Mchungaji aliyeambiwa "tutakuja Juni ijayo" hupanga. Aliyeambiwa "tutajitahidi" hukaa akitazama barabara.

Orodha ya watu ikateni kwa kigezo kingine: nani hatakuwepo mwaka ujao? Bibi wa miaka 88 hawezi kuahirishwa. Mjomba wa miaka 50 mwenye gari lake anaweza kuwafuata mlipo.

Kwa mwendo wa gari, wekeni mpaka wa kilomita kama 300 kwa siku mkiwa na watoto wadogo. Kwa njia yetu, mgawanyo huu unafaa:

Tunduru hadi Songea, kama kilomita 270. Laleni siku mbili.

Songea hadi Njombe, kama kilomita 240. Fikeni Ijumaa, ili Jumamosi iwe ya kupumzika na Jumapili iwe ya kanisa la kwanza.

Njombe hadi Iringa kupitia Makambako, kama kilomita 220. Kaeni siku tatu hadi nne. Ibada ya katikati ya wiki iwe hapa.

Iringa hadi Morogoro, kama kilomita 300. Fikeni tena Ijumaa, na Jumapili ya pili iwe ya kanisa la hapo.

Morogoro hadi Korogwe, kisha Korogwe hadi Moshi, kila moja chini kidogo ya kilomita 300. Wapo wanaozimaliza zote kwa siku moja. Hufika wakiwa wamenuna, na bibi anadhani amekosewa.

Moshi wekeni siku sita, Jumapili ya tatu ikiwemo. Kurudi kupitia Dar es Salaam na Lindi ni kama kilomita 1,400, nako kunahitaji siku nne hadi tano. Angalieni tarehe ya kufungua shule kabla ya kuahidi siku yoyote kwa yeyote.

Barua, simu, na maswali matano

Kama umetumwa rasmi, omba barua ya utambulisho ofisini kwako hata kama mchungaji unayemtembelea ni rafiki wa chuoni. Baraza la wazee hubadilika, na mzee mpya hana sababu ya kukufahamu. Kama gari ni la kanisa, omba pia barua ya ruhusa ya kulitumia nje ya eneo la kazi. Karatasi hiyo huondoa maneno barabarani na maneno yanayokuja baadaye kwenye vikao.

Piga simu wiki tatu kabla, kisha wiki moja kabla. Katika simu ya pili uliza maswali haya, na majibu uyaandike:

1. Kuna ibada ngapi, na zinaanza saa ngapi? Penye ibada ya saa moja asubuhi na nyingine ya saa nne, utatakiwa kwenye zote.

2. Nimepangiwa kuhubiri, kutoa taarifa, au kusalimia tu?

3. Muda wangu ni dakika ngapi?

4. Tutalala wapi, na watoto watalala wapi? Familia nyingine hukuta baba amepangiwa nyumbani kwa mchungaji na watoto kwa mzee wa kanisa wasiyemjua. Omba mapema mlale pamoja, hata kama ni kwenye mikeka sebuleni.

5. Kuna msiba, mgogoro au uchaguzi wa viongozi unaoendelea usharikani? Mgeni asiyejua hili anaweza kumsifu hadharani mtu ambaye nusu ya kanisa haisemi naye.

Gari

Peleka gari gereji wiki moja kabla, usipeleke jana yake. Fundi akikaza kitu vibaya, kosa litajionyesha ukiwa bado unazungukia sokoni na hospitali, karibu na nyumbani. Kagua breki, oili, maji ya rejeta, mikanda ya injini, taa zote na wipa. Tairi la akiba lijazwe upepo na lijaribiwe. Wengi huligundua halina upepo siku wanayolihitaji.

Ndani ya gari kuwe na jeki, spana ya magurudumu, pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza, kamba ya kuvutia gari na galoni la maji. Leseni, bima na nakala ya kadi ya gari viwekwe mahali pamoja ambapo mama na baba wote wanapajua.

Mizigo mizito ikae chini, myepesi ikae juu ya paa na ifungwe turubai. Watoto wafunge mikanda. Kumpakata mtoto kiti cha mbele ni mazoea, lakini breki moja ya ghafla humrusha kwenye kioo, na mikono ya mzazi haiwezi kumzuia.

Mwendo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye tochi hukaa hasa pale ambapo kibao cha 50 kimeanza na dereva hajapunguza. Simama kwenye vivuko vya watembea kwa miguu hata kama huoni mtu. Ukisimamishwa, salimia, toa karatasi, jibu unachoulizwa. Cheo cha uchungaji si leseni, na watoto wako nyuma wanasikiliza unavyozungumza na askari.

Usiendeshe usiku. Mabasi yameruhusiwa tena kusafiri saa 24 tangu Oktoba 2023, na malori hayalali, kwa hiyo giza halina maana ya barabara tupu. Panga kufika kabla ya saa kumi na moja jioni.

Njia yenyewe

Jaza tangi Tunduru kabla ya kuondoka, kwa kuwa kati ya hapo na Songea vituo vya mafuta ni vya kuhesabu, Namtumbo kikiwa kituo kikuu cha njiani. Songea wape watoto siku yao. Makumbusho ya Majimaji yapo mjini, mahali pa kumbukumbu ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 1906. Peramiho, ambako Wabenediktini walianzisha kituo mwaka 1898, ipo kama kilomita 25 kutoka mjini. Mtoto wa mmisionari akiona vyote viwili kwa siku moja atauliza maswali magumu kuhusu wageni waliokuja na Biblia na wageni waliokuja na bunduki. Mjibuni bila kukwepa.

Songea hadi Njombe kona ni nyingi. Mtoto anayetapika apewe chakula kidogo kabla ya safari, akae katikati atazame mbele, na mifuko migumu isiyovuja iwe mkononi, isiwe kwenye buti. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hushuka barabarani. Msiondoke mpaka jua litoke.

Njombe ni baridi. Watoto waliozoea joto la Tunduru hawaamini wakiambiwa, basi msiwaulize: wekeni sweta, soksi na blanketi kwenye begi linalofunguliwa kwanza. Usiku wa miezi hiyo joto hushuka chini ya nyuzi 10, na mtoto aliyelala akitetemeka Jumamosi atakohoa Jumapili nzima kanisani.

Makambako mnaingia barabara kuu ya Zambia, na kuanzia hapo mna malori ya Tunduma, Zambia na Kongo mbele na nyuma. Msishindane nayo. Mkitoka Iringa mtapita Ilula, kwenye nyanya na vitunguu, kisha mtashuka mlima Kitonga. Dereva asiyeujua ashuke kwa gia ndogo, ileile ambayo angeitumia kupanda, na asikanyage breki mfululizo hadi zikapata moto. Lori likiwa limeharibika kwenye kona, ngojeni. Kupita kwa kubahatisha Kitonga kumezika watu wengi.

Chini ya mlima ni Ruaha Mbuyuni, kwenye joto, mibuyu na vitunguu vya bei nafuu. Nunueni gunia dogo la zawadi hapo. Baadaye barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Vibao vya mwendo vifuatwe, na vipo vibao vinavyotaja faini ya kumgonga kila mnyama. Watoto wataona pundamilia, twiga na pengine tembo bila kulipa kiingilio, mradi gari lisisimame ovyo na nyani wasipewe ndizi dirishani.

Kutoka Morogoro mnakunja Chalinze kuelekea Segera na Korogwe, kisha Mombo, Same, Mwanga na Himo. Upepo wa Same ni mkali. Kagueni kamba za mizigo ya juu kabla hamjafika.

Kurudi kwa njia ya pwani kuna jambo moja la kuangalia. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na wasafiri wakakwama. Masika yakiwa makubwa, ulizieni hali ya barabara kwa madereva wa mabasi ya Lindi siku mbili kabla ya kuondoka. Mkipita Masasi, waambieni watoto kwamba mji huo una kanisa tangu 1876, wakati Askofu Edward Steere alipofika na watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi. Baadhi ya wamisionari wa kwanza wa Kusini walikuwa Waafrika waliowahi kuwa watumwa. Hilo wakilijua, hawatadhani kwamba mmisionari lazima awe Mzungu.

Jumapili kanisani

Andaa taarifa tatu kabla ya kuondoka nyumbani: ya dakika tatu, ya dakika kumi, na ya dakika thelathini. Mchungaji aliyekuahidi nusu saa anaweza kukunong'oneza wakati wa wimbo kwamba kuna ubatizo, kuna kwaya ngeni, na kwamba wewe una dakika tano. Ukiwa na taarifa moja tu utaikimbiza, nawe utasikika kama mtangazaji wa mpira.

Taarifa yoyote, fupi au ndefu, iwe na vitu vinne: mtu mmoja, kazi moja iliyofanyika, jambo moja lililokushinda, na ombi moja. Ya dakika tatu inaweza kuwa hivi: "Bwana asifiwe. Tunatoka Tunduru. Mwaka huu wakinamama kumi na wawili wamemaliza darasa la kusoma, mmoja wao ni bibi anayesoma sasa barua za mwanawe mwenyewe. Kisima tulichoanza kimekauka, na hatujajua tufanye nini. Tunaomba mtukumbuke katika hilo la maji. Hawa ndio watoto wetu, nao wamefurahi kuwaona." Kisha kaa. Watu wataulizia kisima wakiwa nje, na mazungumzo ya nje yana faida kuliko dakika kumi za ziada madhabahuni.

Kuna kishawishi cha kueleza mahali unapotumika kama nchi ya giza ili kazi yako ionekane kubwa. Kikatae. Majirani zako Tunduru wengi ni Waislamu, ndio waliokusaidia kumpeleka mtoto hospitali usiku, nao wana heshima yao. Ongea kana kwamba mmoja wao amekaa benchi la nyuma. Wakati mwingine atakuwa amekaa kweli, kwa kuwa watu wanasafiri na kuoana. Na hata asipokuwepo, kijana mmoja anarekodi kwa simu, na video itafika Tunduru kabla yako. Vivyo hivyo kwa picha: usionyeshe mtoto wa mtu akiwa uchi au mgonjwa kitandani. Onyesha picha ambazo wenyewe walizikubali na wangependa kuziona ukutani kwao.

Watoto wasilazimishwe kuimba. Kusimama, kutaja majina na kuketi kunatosha. Anayetaka kuimba ataomba mwenyewe.

Baada ya ibada kuna mnada, na hapo ndipo wageni wengi hupoteza mwelekeo. Mfano: jogoo mwekundu amefungwa miguu, mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa anamnyanyua juu ya vichwa. "Elfu tano! Nani kasema elfu nane?" Mama wa kwaya anafikisha elfu ishirini, analipa, kisha anasema, "Namrudisha mnadani." Jogoo anauzwa tena kwa kijana wa chuo, naye anamrudisha. Mara ya tatu mnunuzi anamkabidhi mtoto wako mdogo mbele ya kanisa zima, na wanawake wanapiga vigelegele. Una safari ya kilomita 300 kesho yake.

Mpokee kwa mikono miwili. Usimkatae, usimuuze siku hiyo, na usiseme "tutampeleka wapi." Mfungie kwenye tenga lenye hewa, mpe maji kila mnaposimama, na mfikishe kwa ndugu atakayefuata kwenye ratiba kama zawadi kutoka kwa usharika uliopita. Atakayempokea atafurahi kuwa zawadi hiyo ilinunuliwa mara tatu, nawe utakuwa umeunganisha watu wasiojuana.

Fedha

Gawanya fedha ya safari mafungu matatu kabla ya kuondoka: ya gari, ya familia, na ya zawadi na rambirambi. Fungu la gari lisiguswe kwa sababu yoyote, hata ya kiroho.

Fedha mnayopewa njiani inahitaji uangalifu zaidi kuliko mnayotoka nayo. Mtu akikupa bahasha, shukuru, kisha uliza palepale kwa upole: "Hii ni ya kazi au ni ya familia?" Swali hilo halimuudhi mtoaji, humpa nafasi ya kusema alichokusudia. Ya kazi ihesabiwe na watu wawili, iandikwe, stakabadhi itolewe, na iingie kwenye akaunti ya kanisa. Isipite kwenye simu yako binafsi hata kwa siku moja. Ya familia ni yenu; watoto wanunulieni viatu bila kujieleza kwa mtu.

Kila jioni, kabla ya kulala, mwenzi mmoja aandike kwenye daftari: tumepewa nini, na nani, wapi. Majina husahaulika haraka, na mzee aliyetoa elfu mbili kutoka kwenye mfuko wa kahawa yake hasahau kwamba alitoa.

Nyumbani kwa ndugu

Familia nyingi za wamisionari hupanga makanisa kwanza, kisha hujaza ndugu kwenye siku zilizobaki. Geuzeni utaratibu huo. Hao ndugu ndio waliowatoa. Mama aliyemruhusu mwanawe aende kutumika mwisho wa nchi wakati wengine wanajenga karibu naye ametoa sadaka kubwa kuliko usharika wowote, wala hakuwahi kusomwa kwenye matangazo.

Juni ina faida yake huko Kilimanjaro. Desemba watu wote hurudi, nyumba hujaa, na mzee hapati nafasi ya kuzungumza na mtu mmoja kwa utulivu. Juni mtawakuta wazee peke yao kwenye migomba yao. Siku ya kwanza msipange ibada wala mkutano. Watoto waamkie, "Shikamoo bibi, shikamoo babu," wakae, wale mtori, waulizwe maswali. Siku ya pili watumwe maji na kuni na majani ya ng'ombe kama wajukuu wengine. Wasitendewe kama wageni wa heshima, kwani mgeni wa heshima haambiwi siri za ukoo.

Misiba mliyoikosa iendeeni kabla ya sherehe yoyote. Kufika miezi minane baadaye si kuchelewa. Kaeni, toeni pole, ulizeni alivyougua na alivyozikwa, muende kaburini mkiombwa, na muache rambirambi mkononi mwa mjane au mkubwa wa nyumba, siyo kwa yeyote aliyekutana nanyi getini.

Pande mbili za wazazi zipewe siku sawa. Kama mume ni wa Machame na mke ni wa Ilula, Iringa si kituo cha njiani, ni ukweni. Baba asitumie siku za ukweni kutembelea wachungaji, na watoto wasisikie kwamba "nyumbani" ni upande mmoja tu.

Mtapewa kadi za mchango wa harusi. Mmisionari akirudi, kamati zote hujua. Amueni mapema kiasi kimoja kwa kila kadi na msikipandishe kwa aibu ya kutazamwa. Mtaombwa pia ada za shule na mitaji ya biashara, kwa kuwa wapo wanaoamini kwamba anayeitwa mmisionari analipwa na Wazungu. Waambieni ukweli wa mshahara wenu bila kulalamika. Ndugu akijua kwamba mnalima korosho na kufuga kuku ili mpate nauli, ataomba kwa kiasi, na mara nyingine yeye ndiye atakayetoa.

Kwa ndugu aliyehama kanisa, au aliye Mwislamu, nendeni kumwona ndugu. Kuleni chakula chake. Mkiombwa kuomba, ombeni kwa ufupi. Msipoombwa, muage vizuri.

Watoto na afya

Bebeni vyandarua vyenu. Mnatoka joto, mnapita baridi ya Njombe, mnashuka tena Morogoro na Korogwe kwenye mbu. Homa yoyote njiani ipimwe malaria siku hiyohiyo. Isipewe panadol na kuombewa tu mpaka mfike.

Kila mtoto awe na kazi moja ya safari: mmoja anahesabu mizigo kila asubuhi, mmoja anashika chupa za maji, mmoja anaandika majina ya waliowalaza. Na kila baada ya siku tatu wapeni siku isiyo na kanisa, isiyo na shangazi, isiyo na "njoo uwasalimie wageni." Mkiwa Iringa wapelekeni Kalenga waone fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, au waacheni wacheze mpira na watoto wa mtaani mpaka magoti yawe meusi.

Watoto wakubwa waulizeni kabla ya kuwasema madhabahuni. Binti wa miaka 14 hataki kanisa zima lijue alivyougua au alivyofeli hesabu, hata kama Mungu alitukuzwa baadaye.

Mkisharudi

Wiki ya kwanza baada ya kufika, kabla barua za ofisini hazijawameza, kaeni na lile daftari. Kila usharika utumiwe taarifa fupi: tulifika salama, mlichotoa kimefika, kimefanya hiki, stakabadhi ni hii. Kila nyumba iliyowalaza ipigiwe simu, nayo ipigwe na mtoto aliyelala hapo. Kisha andikeni orodha ya wale mliowakata mwaka huu, muiweke mbele kwenye mpango wa mwakani, maana ahadi ya "Juni ijayo" ni deni.

Na ikitokea katikati ya safari kwamba siku hazitoshi, gari limelala gereji na lazima kitu kikatwe, kata kanisa. Usimkate bibi. Kanisa lina Jumapili nyingine, na mchungaji wake ataelewa ukimpigia simu mapema.